Wanja, Mahameli na Mvi: Wagothi Wanavyozeeka

Aprili 1989 Robert Smith, mwimbaji wa The Cure, alitimiza miaka 30, na kwa miezi mingi kabla ya hapo jambo hilo lilimkosesha raha. Aliamini kwamba mwanamuziki asipotoa kazi yake kubwa kabla ya umri huo, basi ameshachelewa. Hofu hiyo ndiyo iliyozaa Disintegration, albamu iliyotoka siku chache tu baada ya siku yake ya kuzaliwa, na hadi leo wengi wanaihesabu kuwa kilele cha bendi hiyo. Novemba 2024 bendi hiyohiyo ilitoa Songs of a Lost World. Smith sasa alikuwa na miaka 65. Katika miaka ya kuiandaa alikuwa amewazika baba, mama na kaka yake, na msiba huo umo mle ndani bila kufunikwa. Albamu ilishika namba moja Uingereza.

Ya kwanza aliitunga kijana aliyeogopa uzee. Ya pili ameitunga mtu ambaye uzee umeshamkuta. Anayetaka kuelewa utamaduni wa gothi, ule wa muziki wa huzuni na mavazi meusi, ulivyobadilika kwa zaidi ya miaka 40 anaweza kuanzia hapo, maana waliomsikiliza Smith mwaka 1989 wamezeeka pamoja naye, na wengi wao hawakuacha.

Kwa mtazamaji wa nje, gothi hutambulika upesi: nguo nyeusi, uso uliopakwa poda, wanja mzito, lesi, mahameli, mabuti yenye kamba nyingi, vito vya fedha vyenye umbo la popo au msalaba. Wengi wakiyaona hayo hudhani ni homa ya ujana, na kwamba mtu akipata kazi na kulea mtoto itapona yenyewe. Wahenga walisema ujana ni moshi, ukienda haurudi, na watu walitarajia zile nguo nyeusi ziende na huo moshi. Hazikwenda. Walioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 sasa wamefika miaka 60 au wameipita, na bado utawakuta kwenye maonyesho, kwenye matamasha na kwenye kumbi za dansi.

Maelezo ya kawaida ni kwamba watu hawa wamegoma kukua. Siyakubali hata kidogo. Mimi naona kinyume chake: mambo ambayo gothi imeyashughulikia tangu siku ya kwanza, yaani kifo, kupotewa, upweke, uzuri wa kitu kinachochakaa, ni mambo ambayo mtu wa miaka 55 anayajua kuliko kijana wa miaka 19. Tamaduni nyingi za vijana zimejengwa juu ya nguvu, kasi na kutojali kesho. Hii ilijengwa juu ya huzuni, na huzuni haina umri wa kustaafu.

Chimbuko lake ni Uingereza, katika muziki uliozaliwa baada ya wimbi la kwanza la panki, ule muziki wa roki wa kasi na hasira, kutulia. Agosti 1979 bendi ya Bauhaus, vijana kutoka Northampton, ilitoa wimbo wa zaidi ya dakika tisa kuhusu kifo cha Bela Lugosi, mwigizaji aliyecheza Dracula katika filamu ya mwaka 1931. Siouxsie and the Banshees na Joy Division walikuwa wameshaanza kupunguza kasi ya panki, wakiliachia gitaa la besi libebe wimbo na kuzipa ngoma nafasi ya kuvuma. Mwaka 1982 klabu iitwayo Batcave ilifunguliwa Soho, London. Kaskazini, mjini Leeds, The Sisters of Mercy walipiga gitaa zao juu ya mashine ya ngoma waliyoipa jina kama mwanabendi kamili. Viongozi wa bendi hizo wengi wao wamekana, na wengine bado wanakana, kwamba wao ni wa gothi. Mashabiki hawakuwasikiliza.

Ukitazama umri wao wakati huo unashangaa. Ian Curtis, mwimbaji wa Joy Division, alijiua Mei 1980 akiwa na miaka 23. Smith alikuwa na miaka 23 The Cure ilipotoa Pornography mwaka 1982, albamu nzito kuliko zote walizowahi kutoa. Siouxsie Sioux wa Siouxsie and the Banshees alikuwa na miaka 24 wakati wa albamu yao ya Juju. Hawa walikuwa watoto wa watu wakiimba juu ya mwisho wa maisha ambayo hata hawajayaanza vizuri. Haikupita akilini mwa yeyote kwamba iko siku nyimbo hizo zitaimbwa na mabibi na mababu.

Hata wasomi hawakuliona. Katika miaka ya 1970 kituo cha utafiti wa utamaduni cha Chuo Kikuu cha Birmingham kilikuwa kimejenga nadharia nzito kuhusu mods, mateddy na maskinhedi, makundi ya vijana wa Uingereza yaliyojulikana kwa mavazi na muziki wao. Kwa nadharia hiyo, vijana wa tabaka la wafanyakazi walitumia mavazi na muziki kujibu ugumu wa maisha yao. Jibu hilo lilikuwa la muda, la pale katikati ya shule na ndoa, na kilichofuata baada ya ndoa hakikuchunguzwa. Gothi ilikaa vibaya ndani ya nadharia hiyo tangu mwanzo. Wengi wa waliojiunga walitoka familia za tabaka la kati, walisoma hadi chuo kikuu, na hawakuwa na haraka ya kutoka.

Aliyelifuatilia jambo hili kwa makini ni Paul Hodkinson, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Surrey ambaye mwenyewe alikuwa mshiriki. Aliwachunguza Wagothi wa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha akarudi kwao walipokuwa wakubwa na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Alichokikuta ni kwamba walikuwa wakizeeka kwa pamoja. Marafiki waliokuwa wakilala sakafuni kwa mmoja wao baada ya dansi walikuwa sasa na ajira, mikopo ya nyumba na watoto, na kwa kuwa walipita hatua hizo karibu wakati mmoja, utamaduni ukabadilika pamoja nao. Kama mmoja tu angepata mtoto, pengine angetoweka. Wengi wao walipopata watoto kwa mpigo, matamasha yakaanza kuwa na vigari vya watoto.

Kwa maoni yangu hapo ndipo penye ufunguo. Mtu hubaki kwa sababu wenzake wamebaki. Muziki unaweza kuusikiliza peke yako chumbani hadi kufa, lakini kuvaa, kucheza, kusafiri na kuchekeana kunahitaji watu, na Wagothi tangu zamani wamekuwa na tabia ya kuoana wao kwa wao, kupanga nyumba pamoja na kufungua biashara za kuuziana. Kutoka katika gothi ni kama kuhama kijiji: unaacha nguo, lakini pia unaacha majirani.

Mwili, hata hivyo, hausikilizi sosholojia. Chukua nywele. Mtindo wa miaka ya 1980 ulidai nywele zipakwe rangi nyeusi tititi, zichambuliwe kwa kitana kuelekea kwenye mzizi mpaka zivimbe, kisha zipulizwe dawa ya kugandisha hadi zisimame kama kiota. Fanya hivyo kila wikendi kwa miaka 20 na unywele wenyewe unakatika. Ukifika miaka 50, mizizi inaota meupe, na hakuna rangi inayosaliti mvi kama nyeusi: baada ya wiki mbili kuna mstari mweupe katikati ya kichwa unaoonekana toka upande wa pili wa barabara. Baadhi wanapaka kila mara. Wengine wamegundua kwamba zambarau au bluu hung'aa vizuri zaidi juu ya mvi, kwa sababu hazihitaji kuchomwa kwanza kwa dawa ya kuondoa rangi. Na wapo walioacha mvi zitawale, zikawa fedha tupu juu ya nguo nyeusi, na kusema kweli zinapendeza hasa. Wanaume wenye upara wameamua kunyoa zote na kuacha wanja ufanye kazi.

Poda nayo ina mambo yake. Poda nyeupe nzito ilikaa safi juu ya ngozi ya miaka 20. Juu ya ngozi ya miaka 55 inajikusanya ndani ya mikunjo na kuichora kila mstari. Hivyo poda imepungua, na kazi imehamia machoni na mdomoni. Vazi la kubana kiuno linakuwa la saa mbili badala ya usiku kucha, na kwa aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo linabaki kabatini. Mabuti yenye soli nene ni mazuri mpaka goti lianze kulalamika. Masikio yaliyokaa mbele ya spika miaka 30 yanavuma usiku, na vizibo vya masikio ambavyo zamani vilionekana vya woga sasa viko kwenye kila mkoba.

Kazini watu wengi hupunguza. Nyeusi ni rangi yenye huruma kwa jambo hili, kwa sababu suti nyeusi na shati jeusi ni mavazi ya heshima popote pale. Mwalimu, muuguzi au mhasibu anaweza kukaa mwaka mzima kazini bila yeyote kujua, isipokuwa kwa pete moja yenye fuvu. Hodkinson alikuta pia kwamba wengi hawakuona kupunguza huku kama kujisaliti. Walisema wanajijua ni nani, hawana tena haja ya kumthibitishia kila mpita njia. Hiyo ni tofauti kubwa na kijana wa miaka 17 ambaye kutoka nyumbani bila wanja ni sawa na kutoka bila jina.

Kwa wanawake mzigo ni mkubwa zaidi, na hili lisipite kimyakimya. Dunia humruhusu mwanamume mwenye mvi na koti la ngozi aonekane mtu mwenye historia. Mwanamke wa umri uleule aliyevaa soksi za wavu anaambiwa avae kulingana na umri wake, mara nyingi na mtu asiyemjua. Ndiyo maana kurudi kwa Siouxsie jukwaani mwaka 2023, baada ya miaka kumi ya kimya, kuliwagusa wanawake wengi kupita muziki wenyewe. Alikuwa akitimiza miaka 66. Hakuomba ruhusa ya mtu.

Mahali pa kukutania pamebadilika pia. Klabu ya kila wiki ndiyo iliyokuwa moyo wa utamaduni huu, lakini mtu mwenye watoto na zamu ya asubuhi hawezi kuanza usiku wake saa sita. Kodi za majengo katikati ya miji zimepanda na kumbi nyingi zimefungwa, ingawa chache zimeshikilia: Slimelight ya London imekuwepo tangu 1987. Kilichochukua nafasi ni tamasha la mara moja au mbili kwa mwaka, ambalo mtu anaweza kulipangia likizo.

Mawili yanajulikana kuliko mengine. Whitby ni mji mdogo wa pwani Kaskazini mwa Uingereza, ambako Bram Stoker aliipeleka meli ya Dracula katika riwaya yake ya 1897. Wagothi wamekuwa wakikutana hapo tangu 1994. Mwanzoni lilikuwa kusanyiko la marafiki waliojuana kwa barua na baadaye kwa intaneti. Leo mitaa hujaa pia watalii, wapiga picha na watu waliovaa mavazi ya maonyesho kwa siku moja, na wakongwe wa tamasha hilo wana malalamiko ya haki kwamba muziki umekuwa kitu cha pembeni. La pili ni Wave-Gotik-Treffen la Leipzig, Ujerumani, lililoanza 1992, ambalo hufanyika wakati wa Pentekoste na kukusanya watu wapatao 20,000. Lilizaliwa mara tu baada ya Ujerumani Mashariki kuanguka, nchi ambayo polisi wake wa siri, Stasi, walikuwa wakiwaweka Wagothi kwenye orodha ya vijana wa kuchunguzwa. Mwaka 2000 waandaaji walifilisika katikati ya tamasha na mishahara ikakosekana. Bendi kadhaa zilipiga bila malipo, na wahudhuriaji wakajipanga wenyewe kuendesha kilichobaki.

Ukiliona Leipzig leo unaelewa kuzeeka kumefanya nini. Ijumaa ya tamasha watu hukaa nyasini katika bustani ya Clara Zetkin wakiwa na mavazi ya enzi ya Malkia Victoria, wamebeba vikapu vya chakula, vyombo vya kaure na vitambaa vya meza. Wapo wazazi, wapo watoto wenye vigauni vyeusi, wapo waliokuja kwa fimbo za kutembelea. Programu ina opera na muziki wa vinanda vya kanisani kando ya ngoma za elektroniki za usiku wa manane. Ni sherehe ambayo mtu wa miaka 25 asingeibuni. Imeundwa na watu waliopata muda, kipato kidogo na subira ya kushona nguo kwa miezi.

Si kila kilichowafanya waendelee kushikamana kilikuwa kizuri. Aprili 1999, baada ya mauaji katika shule ya Columbine nchini Marekani, vyombo vya habari viliwaita wauaji Wagothi. Haikuwa kweli, lakini madhara yaliwaangukia vijana wa shule nyingine wasiohusika kwa lolote. Agosti 2007, katika mji wa Bacup, Lancashire, Sophie Lancaster mwenye miaka 20 na mpenzi wake walishambuliwa bustanini na kundi la vijana kwa sababu ya mavazi yao. Mpenzi wake alipona. Sophie alifariki siku 13 baadaye. Mama yake, Sylvia, alianzisha taasisi kwa jina la binti yake na kuzunguka mashuleni hadi alipofariki mwaka 2022, na mwaka 2013 polisi wa Greater Manchester wakawa wa kwanza Uingereza kuandikisha mashambulizi ya aina hiyo kama uhalifu wa chuki. Sylvia mwenyewe hakuwa Mgothi. Lakini wazee wa gothi waliochanga fedha, walioandaa maonyesho na walioweka benchi la kumbukumbu Whitby walifanya kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na ukoo.

Muziki wenyewe umezunguka na kurudi. Miaka ya 1990 mwishoni sehemu kubwa ya kumbi ilihamia kwenye midundo ya elektroniki, nywele za plastiki zenye rangi kali na miwani ya kuchomelea vyuma, na waliopenda gitaa walilalamika kwamba yao imekwisha. Kisha vijana wa mbali na Uingereza wakaanza kupiga tena ile sauti ya 1981: She Past Away kutoka Uturuki, wakiimba Kituruki, na Molchat Doma kutoka Minsk, Belarus, ambao wimbo wao mmoja wa Kirusi ulisambaa TikTok mwaka 2020. Hivyo Mgothi wa miaka 60 leo anaweza kwenda kwenye onyesho la bendi changa na kusikia ujana wake ukiimbwa kwa lugha asiyoijua.

Mlango wa kuingilia pia umehama. Zamani ulihitaji mtu: dada wa rafiki, muuza rekodi, anayejua klabu ipo ngazi zipi chini ya ardhi. Sasa kijana anaanza na picha kwenye simu, ananunua nguo zilizoshonwa tayari, na pengine anafika kwenye muziki mwaka mmoja baadaye au hafiki kabisa. Wazee wengi hili linawaudhi. Nawaelewa, maana kwao muziki ndio msingi na nguo ni ukuta wake, lakini sioni faida ya kumfungia mlango mtoto wa miaka 16 kwa sababu hajui wimbo wa upande wa pili wa sahani ya 1983. Isitoshe, simu imerekebisha kasoro moja ambayo wakongwe waliiacha kwa muda mrefu. Kwa miongo kadhaa uzuri wa gothi ulipimwa kwa weupe wa uso, na Wagothi wenye ngozi nyeusi walilazimika kuvumilia maswali ya kama wanastahili kuwepo. Kizazi kipya cha weusi kimeonyesha kwa picha na video maelfu kwamba wanja na rangi ya mdomo iliyokoza havihitaji poda nyeupe. Mkongwe yeyote mkweli atakiri kwamba mlango huo ulipaswa kufunguliwa mapema.

Linabaki suala gumu kuliko yote. Mwaka 2015 jarida la Lancet Psychiatry lilichapisha utafiti uliofuatilia vijana 3,694 wa Uingereza. Waliojihesabu kuwa Wagothi kwa kiwango kikubwa wakiwa na miaka 15 walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata sonona na kujidhuru walipofika 18. Watafiti wenyewe walisisitiza kwamba hilo halithibitishi kuwa gothi inasababisha ugonjwa. Huenda vijana ambao tayari wanaumia ndio wanaovutwa na mahali ambapo kuumia hakufichwi. Vichwa vya habari havikuwa na subira ya kufika aya hiyo.

Utafiti ule uliishia miaka 18, na ndipo umuhimu wa wazee unapoanza. Kijana mwenye huzuni hupewa aina mbili za mifano. Kuna watu wazima wanaomwambia achangamke, na kuna magwiji kama Curtis ambao picha zao ziligandishwa wakiwa na miaka 23, wazuri na wamekufa. Kwenye tamasha la gothi leo anakutana na aina ya tatu: mwanamke wa miaka 58 mwenye mvi za zambarau, aliyewahi kulala kitandani wiki nzima akiwa na miaka 17 kwa kukosa sababu ya kuamka, ambaye tangu hapo amesoma, amepata kazi, amezika wazazi, ameachika, amepata mjukuu, na bado analia palepale kwenye wimbo uleule. Hakuambiwa aiache huzuni ili aruhusiwe kuishi. Anaweza kumweleza kijana huyo dawa gani zilimsaidia, daktari wa namna gani wa kumtafuta, na kwamba miaka 30, ile iliyomtisha Robert Smith, ni umri wa kawaida sana.